Digna Aliaga kwa Kuku

Digna alijua kuaga. Kwao Mkula mtu haondoki kwa mwenyeji wake kama moshi. Anatafuta mtu mzima wa kumsindikiza, anabeba kuku, anapiga magoti. Ndivyo alivyofanya mwanzoni mwa mwezi wa tano, alipoingia na shangazi yake Levina sebuleni kwa Mama Restuta, mwenye nyumba ya wageni ya mtaa wa Viwanja Sitini ambako alikuwa mpishi kwa mwaka na nusu.

Shangazi ndiye aliyeongea. Alisema binti yao amepata kazi ya jikoni kwenye shule ya watoto wadogo huko Kidatu, aanze mwezi wa sita, na mwanawe Careen, anayelelewa na bibi yake Mkula tangu aache kunyonya, ataruhusiwa kukaa naye. Mama Restuta alimpokea kuku kwa mikono miwili, akampima uzito, akacheka.

"Nimekusikia, mwanangu. Mtoto ni wa mama yake."

Mkataba ulitaka anayeacha kazi atoe taarifa siku ishirini na nane kabla. Digna akazihesabu kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, akamshonea Careen na kigauni cha maua, kwa kukisia tu, maana hakujua mtoto amefika wapi kimo.

Siku zilipotimia alifunga begi, akaenda kuomba barua ya kuonyesha ameondoka vizuri. Kidatu walishasema bila hiyo hawampokei. Mama Restuta akafungua faili, akavaa miwani, akamwuliza barua yake ya kuacha kazi iko wapi. Digna akasema si aliaga, walikuja na shangazi.

"Kuku nilimpokea kama mama yako," alisema Mama Restuta, wala hakuwa na hasira. "Ofisi inapokea karatasi. Soma hapo, kwa maandishi. Siku zako zinaanza leo utakapoandika."

Digna alisoma. Maneno hayo yalikuwepo, juu kidogo ya sahihi yake mwenyewe. Akachana ukurasa wa daftari, akaandika kwa ule mwandiko ambao mwalimu wa darasa la saba alikuwa anausifia. Kisha akapiga simu Kidatu. Wakamwambia watajitahidi kumngoja. Wiki ya tatu wakamtumia ujumbe: samahani dada, tumepata mwingine.

Alirudi kwa Mama Restuta kuomba barua yake airudishe, abaki alipo, angalau aendelee kumtumia mtoto sabuni na sukari. Mama Restuta akafungua tena faili. Akasema barua imeshafanya kazi. Kwa barua hiyo ameajiri msichana mwingine, Scolastica, naye ameshaweka sahihi.

"Nimfukuze mtoto wa mwenzako, Digna?"

Digna akatoka. Scolastica alikuwa tayari jikoni, anauliza chumvi inakaa wapi. Digna alimwonyesha.

Siku ya mwisho alipewa barua yake, nzuri, ina mhuri, imesema ameondoka vizuri. Hakuwa na mtu wa kumpelekea. Akaikunja, akapanda gari la Mkula.

Careen alikuwa mlangoni. Bibi alimwambia amwamkie mama yake. Mtoto akaamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni, halafu akarudi kujificha nyuma ya kanga ya bibi. Digna akatoa kigauni. Kikapita kichwani, kikakwama mabegani. Mtoto akalia, akamwita bibi, "Mama, nitoe."

Bibi akamtoa. Akamwuliza Digna taratibu amekuja kwa siku ngapi, maana debe la mchele limebaki la kukwangua.

Digna akachukua kigauni. Alikaa kizingitini na wembe, akaanza kufumua mshono wa ubavuni, apanue. Alifumua mpaka mwisho. Alipoufungua, akaona hakuwa ameacha kitambaa cha akiba hata kidogo.