Jina la Baba Lisiloimbwa

Ipo siku moja, mjukuu wangu, nikiikumbuka hata chakula hakipiti. Shikamoo yako nimeipokea. Sasa kaa, weka simu chini. Nina hasira na wewe, ila kwanza nikueleze ile niliyo nayo juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mshereheshaji wa tamasha la mavuno pale Tengeru. Zamani tamasha lile halikuwa na jukwaa wala watazamaji. Kila aliyefika aliimba. Watu walipatanishwa pale, wakachumbiana pale, na kina mama waliimba majina ya waliokufa mwaka ule wasije wakasahaulika. Sisi vijana tukaleta jenereta, spika na bendi kutoka mjini. Nikajiona mtu.

Shangazi Naelijwa, dada yake baba, ndiye aliyeongoza wimbo wa majina. Wenzangu wakaanza kupiga miluzi, wanataka bendi. Nikamnyang'anya maikrofoni katikati ya wimbo.

"Asanteni mama zetu, sasa burudani!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Shangazi hakupiga kelele. Alinisogelea akasema, "Nilikuwa nimefika kwa baba yako."

Baba tulikuwa tumemzika mwezi wa tatu, mwaka uleule.

Bendi ikapiga, mimi nikajificha nyuma ya spika nalia. Kesho yake nilikwenda kwake na mama, nikapiga magoti. Alinisamehe, lakini uwanjani hakuimba tena mpaka anakufa, na jina la baba halikuimbwa kamwe.

Sasa wewe! Jumamosi, kwenye tamasha lako la Njiro, umewapanga bibi zako getini wacheze juani, wageni wapige picha. Jukwaani hawakupanda. Hata majina yao hukuyataja! Nilipokuuliza ukanijibu, "Babu, ratiba ilibana." Ratiba! Yule bibi wa mbele alikuwa anaimba nini? Hujui. Hukuuliza.

Sikukatazi muziki wako, hata mimi naucheza. Nakuambia hivi: wazee wapande kwanza, watajwe kwa majina, waachwe wamalize. Baada ya hapo pigeni mpaka mchoke. Na kesho uende kwa kila bibi, nyumba kwa nyumba, uombe radhi wangali hai.

Haya, nenda. Mungu akutangulie kila mlango utakaobisha, na bibi zako wakupokee kama mtoto wao.