Afande Komeo Apelekwa Uangalizi

Wafungwa walimwita Komeo. Yeye alijua, na wala hakununa. Jina hilo hakupewa kwa kuonewa, alilitolea jasho. Kazi yake kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa milango: kufungua, kupitisha watu, kufunga, kutikisa aone kama kweli umefungika, kisha kwenda mlango unaofuata. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukata maneno ya watu katikati, na katika gereza lile la wanawake hapakuwa na asiyeijua sheria yake. Mfungwa hagusi mlango. Ukifika mlangoni unasimama hatua moja pembeni, uso ukutani, mikono nyuma, unangoja. Hugongi, huiti, hukohoi. Mwenye mlango atakuona akipenda.

Sheria ilikuwa ya gereza zima, lakini askari wengine walifumba macho, hasa jua likiwa kali. Yeye hapana. Aliyegusa kitasa mbele ya Komeo alisugua sakafu ya bwalo mpaka akakoma. Wapo waliotoka gerezani wamesahau namba zao na sura za wenzao, lakini ukutani pale hawajapasahau.

Kisha wizara ikasema inapanga mambo upya. Haya, ikishasema hivyo nani ataibishia? Idara ya magereza na idara ya uangalizi, ambazo kwa miaka zilikuwa hata hazisalimiani, zikafungishwa ndoa ya mkeka. Uangalizi, kwa asiyewajua, ni wale wanaofuatilia watu wenye vifungo vya nje na wale walioachiwa mapema kwa masharti. Askari wa magereza waliwaita wanywa chai. Wao nao waliwaita askari vichwa vya buti. Sasa wote wakawa chini ya mkurugenzi mmoja, ubao mmoja mlangoni, na magari yaleyale machache ya kugombania.

Katika kupanga huko ikaonekana gereza la wanawake lina askari wengi kuliko kazi, na gereza kuu, mwendo wa siku nzima kwa basi, halina wa kutosha. Basi gereza la wanawake likafungwa. Wafungwa wakapakiwa, na askari wakaambiwa wachague: gereza kuu, au uangalizi kwa majaribio. Ukifaulu unathibitishwa, ukishindwa gereza kuu linakungoja.

Komeo alichagua uangalizi, na usidhani aliupenda. Mume wake alikuwa fundi saa, mwenye kibanda chake karibu na stendi, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Katika ndoa yao yote walilala pamoja kwa ratiba ya zamu. Watoto wakubwa walishaondoka, amebaki binti wa mwisho, yuko sekondari. Kwenda gereza kuu ni kulala bwenini na kuja nyumbani mwisho wa mwezi kama mgeni. Hilo hakulitaka hata kidogo, na alilisema wazi: amechoka kuishi na watu wa kufungiwa, sasa anataka kuishi na watu wake.

Wiki ya kwanza, kwa mazoea, aliamka alfajiri akafunga chumba cha binti kwa nje. Binti akagonga mlango karibu auvunje.

"Mama! Nimefungwa kwa kosa gani?"

"Rufaa yako itasikilizwa jioni," akajibu baba yake kutoka bafuni.

Walicheka wote watatu, na Komeo alicheka kuliko wote. Lakini alipotoka kwenda kazini, amevaa gauni badala ya sare, alijiona kama yuko uchi.

Ofisi ya uangalizi ilikuwa katika jengo la zamani la serikali, baraza moja na ofisi ya maji. Kwa hiyo kuanzia asubuhi baraza zima hujaa watu wanaolalamikia bili, wengine wamekaa, wengine wamesimama, wengine wamelala kabisa. Chumba cha Komeo kilikuwa na milango miwili, mmoja wa kuingilia wateja kutoka barazani na mwingine wa ndani, wa wafanyakazi. Ndiyo, wateja. Huko ndiko walikofika, mfungwa anaitwa mteja. Aliyekuwa na chumba kile kabla yake aliuzuia mlango wa barazani kwa kipande cha tofali ili ukae wazi kutwa. Komeo alikitazama kipande kile, akakiokota, akakitupa uani, kisha akafunga mlango. Mgongo wake haukuweza kupumzika mbele ya mlango ulio wazi. Yeye mwenyewe alipita ule wa ndani.

Mkuu wa ofisi, kijana wa umri wa mtoto wake wa pili, mwenye sauti laini na shati lililonyooka, alimwambia, "Mama, hapa sisi tunaongea na watu."

"Na kule nilikuwa naongea na kuku?"

Mkuu akacheka, akaacha. Na kwa kweli mambo hayakwenda vibaya. Wateja wengi walikuwa wa vifungo vya nje, watu wa ugomvi na wizi mdogo, wengine hawajawahi kulala gerezani hata usiku mmoja. Waligonga, wakaingia, wakaweka sahihi, wakatoka.

Kisha akaja kwenye orodha yake mwanamke waliyemwita Kimya. Huyu alikaa gerezani miaka mingi kwa kesi ya moto ulioteketeza ghala la mwajiri wake. Jina alipewa kwa sababu hakuwa anasema asiposemeshwa. Gereza lilipofungwa, kamati ya kuachia watu mapema ilimuuliza Komeo, naye akamsemea kwa moyo mmoja. "Huyu hana neno," aliiambia kamati. "Miaka yote sijamwona akigusa hata kitasa." Kimya akaachiwa kwa masharti, akaenda kukaa kwa kaka yake pembezoni mwa mji, kaka aliyempokea shingo upande. Sharti kubwa lilikuwa moja: kila Jumatano afike ofisini kwa afisa wake. Akikosa mara tatu, afisa anaijulisha mahakama, na mahakama inamrudisha kumaliza kifungo chake.

Jumatano ya kwanza Kimya hakuonekana. Komeo alisema labda amepotea njia. Jumatano ya pili aliamka na mafua mabaya, lakini alikuja kazini makusudi kwa ajili yake, akakaa kutwa akikohoa hadi mbavu zikamuuma, anautazama mlango. Hakuna mtu. Hapo akaumia, tena akaumia kweli. Alimdhamini yule kwa ulimi wake mwenyewe, na hivi ndivyo anavyolipwa!

"Kabla ya kuandika chochote, nenda nyumbani kwake," mkuu alimwambia. "Gari wamelichukua gereza kuu, lakini basi lipo. Nenda ukamwone, mama. Huwa kuna sababu."

"Nitakwenda, mkuu."

Hakwenda. Asubuhi alifika mpaka stendi, akasimama karibu na kibanda cha mume wake, mabasi yakaja yakaondoka. Ajikokote mpaka kule pembezoni, asimame nje kwa watu, abishe hodi kwa mfungwa? Yeye? Mume wake aliinua jicho lenye miwani ya kazi, akamuuliza anangoja nini, akasema hangoji kitu. Akarudi ofisini.

Jumatano ya tatu ilipopita bila mtu, aliandikia mahakama. Na katika taarifa, pale panapouliza afisa amefanya nini kumtafuta mteja, akaandika kwamba juhudi za kumfuatilia nyumbani zimefanywa bila mafanikio. Mkono wake ulikuwa imara wakati anaandika. Gerezani kila mtu aliandika hivyo: chakula kimekaguliwa, vyoo vimekaguliwa, na hakuna aliyekanyaga chooni.

Polisi walimkuta Kimya kwa kaka yake anafua. Siku ya kesi Komeo alifika mahakamani mapema, amevaa gauni lake la kijani, roho imetulia. Alimkuta kwenye ujia, karibu na mlango wa chumba cha hakimu, polisi wake amesogea pembeni anachati na simu. Kimya alikuwa amesimama hatua moja pembeni ya mlango, uso ukutani, mikono nyuma.

"Geuka," Komeo akasema.

Akageuka. Alikuwa amekonda.

"Umenitia aibu wewe. Mbona hukuja?"

"Nilikuja, afande."

"Usinichezee akili!"

"Nilikuja Jumatano zote. Nilisimama pale barazani, pembeni ya mlango wako, tangu asubuhi. Hukunifungulia." Alisema polepole, kama mtu aliyekuwa hana hakika kama anaruhusiwa. "Watu wa maji walinipa hata kiti. Nikakataa, nikaogopa ukitoka unikute nimekaa."

"Ukashindwa kugonga?"

Kimya alimtazama. Hakuwa anajibu jeuri. Alikuwa hajaelewa swali.

"Kugonga, afande?"

Komeo akautazama mlango wa hakimu.

"Ile mara ya pili ulikuwa unakohoa," Kimya akaendelea. "Ulikohoa sana. Nikasema afande anaumwa, ndiyo maana hanifungulii. Walipofunga ofisi ya maji, askari mlinzi akatufukuza wote."

Komeo akaikumbuka siku ile. Kile kikohozi hakikuwa na shahidi mwingine. Alikaa kutwa nzima mbavu zinamuuma, na upande wa pili wa mlango, mkono mmoja tu kutoka kiti chake, huyu amesimama anamhurumia. Aliona aibu. Si ile ya kugombezwa, ile ambayo mtu anatamani avue ngozi aiache pale akimbie.

Waliitwa ndani. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye haraka, mafaili yamemzidi kimo. Alisoma, akauliza bila kuinua kichwa, "Afisa, unaithibitisha taarifa yako?"

Kulikuwa na njia rahisi, na Komeo aliiona. Angesema kumetokea kutoelewana, mteja alifika ila hakuonekana, na huenda hakimu angekubali. Lakini hakimu mwenye haraka angeuliza pia: na ulipokwenda nyumbani kwake hukuambiwa hivyo? Kama alikwenda, Kimya ni mwongo, na mwongo anarudi gerezani. Haikuwezekana wote wawili wawe wanasema kweli. Nyuma ya chumba mkuu wa ofisi alikuwa amekaa na shati lake lililonyooka. Komeo akaliwaza gereza kuu, bweni lake, kitanda chake cha chuma, akamwaza binti na fundi saa wakila wawili.

"Afisa!"

"Siithibitishi, mheshimiwa."

Hakimu akainua kichwa.

"Alikuja mara zote tatu. Alisimama nje, hakugonga. Mimi ndiye niliyemfundisha asigonge, kule gerezani, na mlango nilikuwa nimeufunga mimi."

"Hapa umeandika ulimfuata nyumbani."

"Sikwenda."

"Kwa nini umeandika?"

"Nimedanganya, mheshimiwa."

Kimya aliendelea kutazama sakafu. Hakimu aliandika muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akasema mshtakiwa aende nyumbani kwa masharti yaleyale, na nakala ya maneno ya afisa ipelekwe kwa mkuu wake. Mkuu wake hakuhitaji nakala.

"Ule mlango ningekutetea, mama," alimwambia nje, sauti yake laini imekwaruza. "Mazoea ni mazoea. Lakini uongo mahakamani nautetea vipi?"

"Usiutetee," Komeo akasema.

Unga ukamwagika hivyo. Nyumbani alieleza yote bila kupunguza. Binti alilia, akaenda chumbani. Fundi saa hakutoa mzaha wowote. Alimuuliza tu kama kule gereza kuu kuna baridi, kisha akaanza kumtafutia sweta.

Jumatano iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake ofisini. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi, tiketi ya basi ilikuwa kwenye mkoba. Alimsubiri Kimya barazani, katikati ya watu wa maji, akamwongoza mpaka kwa mkuu wa ofisi na kuwajulisha. Alipotoka, Kimya akamfuata nje.

"Kuanzia leo ripoti kwake," Komeo akamwambia. "Ni kijana mzuri. Mimi wananirudisha gerezani."

Kimya akafikiri kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, aliuliza jambo bila kuulizwa.

"Wamekupa muda gani, afande?"

Komeo alitaka kucheka, akaona mwenzake hatanii.

"Mpaka nistaafu."

"Wa kwako watakuja kukuona?"

"Mwisho wa mwezi mimi ndiye nitakuja."

Kimya akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepiga hesabu anayoijua vizuri.

"Miezi ya kwanza ndiyo mibaya," akasema. "Baadaye utazoea."