Mkono Alioutaja Nabii

Tulienda Bungoma kwa sababu Mama alikuwa amechoka kumeza tembe za kifafa. Alikuwa hajaanguka miaka minne, lakini alisema kumeza dawa kila siku ni kama kumwambia Mungu humwamini. Aliposikia kanisani kwamba nabii mponyaji anakuja karibu na Kibabii, akaniambia, "Ciru, umefunga shule. Utanibebea kikapu." Baba alibaki na ng'ombe. Naandika ili yeye na dada yangu Njoki wasome, maana kwa mdomo sitaweza.

Ijumaa asubuhi tuliondoka Kitale na lori la mahindi. Kina mama wa kanisa waliketi juu ya magunia matupu wakiimba. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, kila tulipopunguza mwendo walipunga leso. Baada ya Webuye yakaanza mashamba ya miwa. Mimi sikuimba. Nilishika kikapu, na chupa ya tembe ikawa inalia chakacha kila tulipoingia shimo.

Saa saba tulifika kwa Mama Nekesa, aliyekuwa akiuza mitumba na Mama zamani soko la Kitale. Alitupa ugali wa wimbi na kuku.

"Mama Ciru, huyu mtoto haongei? Ama mdomo ameacha Kitale?"

"Ni haya tu," Mama akasema.

"Haya ni nzuri, bana, lakini si mpaka kuku ipoe!"

Baada ya kula Mama alijilaza chali kwenye mkeka uani, akapitiwa na usingizi. Nikaketi miguuni pake kumfukuzia nzi. Ndipo akaingia mama mmoja wa mkutano wa nabii, ana beji kifuani na mfuko wa kadi. Alikuwa akipita nyumba zilizopokea wageni.

"Mgonjwa ni huyu? Usimwamshe, amechoka. Wewe si uko sekondari? Mjazie. Ni ya maombi tu."

Nikajaza jina lake, Mama Ciru, anakotoka, ugonjwa. "Andika na alama kwa mwili," akasema. Nikatazama kovu la siku ile Mama alipoangukia moto jikoni. Nikaandika: aliungua mkono wa kushoto. Mama alikuwa bado anakoroma yule mama alipoondoka na kadi. Alipoamka sikumwambia. Sikuona kama ni kitu cha kusema.

Saa kumi uwanja ulikuwa umejaa. Nabii alifumba macho, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Namwona mama! Ametoka Kitale! Bwana ananiambia ni mama wa... Ciru!"

Mama alinifinya mpaka nikaumia.

"Kifafa! Moto ulimla mkono wa kushoto!"

Mama akasimama akilia, akauinua mkono wenye kovu. Ulikuwa wa kulia.

"Si huo ni wa kulia?" mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti.

Nabii hakupepesa hata jicho. "Ni kushoto kwa upande wa Bwana!"

Uwanja mzima ukaitika amina. Mimi nikakumbuka kule uani. Nilikuwa nimeketi miguuni pake, tumeelekeana, mkono wake wa kulia ukawa upande wangu wa kushoto. Kosa lilikuwa langu. Nabii alikuwa amekosea palepale nilipokosea mimi.

Mama akapita mbele, akatupa chupa yake ya tembe ndani ya karai lililowekwa chini ya jukwaa ili wagonjwa watupie dawa zao.

Jioni Mama Nekesa alimsikiliza akishuhudia, kisha akasema polepole, "Mimi siendi huko. Jirani yangu aliambiwa sukari imeisha, akatupa dawa. Tulimzika na hiyo uponyaji yake."

"Lakini mimi alinitaja! Mpaka jina la mtoto! Nani alimwambia?"

Nilijua nani. Nikakusanya sahani, nikaenda kuziosha.

Jumamosi asubuhi lori lilikuwa tayari linapiga honi barabarani. Mama alikuwa ameinama juu ya moto akikoroga chai. Ghafla kijiko kikamtoka mkononi, akabaki anakitazama.

"Mama, ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni mimi niliandika!"

Haikuwa kifafa; kilikuwa kijiko cha moto tu, kimemchoma. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikasema yote: mama wa beji, kadi, kushoto.

Mama hakunipiga. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena.

"Ati ulikuwa umekaa wapi?"

"Miguuni."

Honi ikalia. Akafunga leso. "Mama Nekesa, waambie waende. Sisi tunapitia hospitali."

Tulingoja muda wa karibu saa mbili, Mama kwenye benchi moja, mimi kwenye la mbele yake. Mama hakuniangalia hata mara moja, nami nikafikiri hataniangalia tena. Nesi alipoleta fomu, akauliza nani anajua kuandika. Mama alikuwa na kalamu yake kwenye kibeti. Akanipa.

Nimejifunza kwamba mtu anaweza kusimama mbele ya watu wengi na kusoma mwandiko wangu akisema ni sauti ya Mungu. Nesi aliuliza kovu liko mkono gani. Nikainuka mbele ya Mama, nikaenda kuketi ubavuni pake, tukielekea upande mmoja, ndipo nikaandika.