Skurubu Niliyoilegeza Mimi

Wiki iliyopita nilipeleka begi la shule la mwanangu kwa fundi mmoja hapa Kisumu, zipu ilikuwa imekataa, na kabla sijamsalimu vizuri harufu ya mafuta ya cherehani ikanipata. Bila shaka mnaijua. Ni nyepesi, ina utamu kidogo, na huchanganyika na vumbi la kitambaa kipya. Wengine ikiwafikia hukumbuka nguo za Krismasi. Mimi huona aibu. Nilimwachia begi, nikamwambia nitarudi, nikatoka nje upesi kabla hajaniuliza nina nini.

Ukiwatoa watu wawili, ninyi ndio wa kwanza kuisikia habari hii yote.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo Kombewa. Alishonea kwenye baraza la duka la unga, kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga ambayo maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika pale mkono wake ulipopita kila siku. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilijua kujaza uzi kwenye bobini, kupiga vifungo, na kujiona. Hilo la tatu nililijua kuliko yote.

Likizo moja ya Aprili mashine ilianza kuruka mishono, na Mzee Oloo akaitwa. Huyu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, akizunguka masoko ya Seme kwa baiskeli, bisibisi zake zimefungwa ndani ya mguu wa suruali kuukuu. Wazee wengi walitufukuza watoto walipokuwa kazini. Yeye aliniita karibu, akafungua kibati cha chini na kulizungusha gurudumu polepole kwa mkono.

"Angalia sindano," aliniambia. "Imeshuka mpaka mwisho. Sasa inaanza kupanda. Umeona uzi umebaki nyuma, umefanya kitanzi?"

Nilikiona. Kilikuwa kidogo sana, na hapo hapo ncha ya chuma cha chini, ambayo yeye aliiita ukucha, ilikuja ikapita juu kidogo ya tundu la sindano, ikakinyakua kitanzi na kukizungusha kwenye bobini. Mshono mmoja ukazaliwa.

"Hiyo ndiyo taimingi," akasema. "Ukucha ukiwahi, kitanzi hakijakuwa. Ukichelewa, kimeshaisha. Lazima wakutane."

Kisha akanionyesha skurubu inayoshika kile chuma kirefu cha kubeba sindano. Ukiilegeza, chuma kinapanda au kinashuka, na kukutana kwao kunabadilika. Alinionya pia kwamba mtu haanzi hapo. Anaanza kwa kubadilisha sindano, kwa sababu mara nyingi kosa ni sindano iliyopinda au iliyo butu. Taimingi ni ya mwisho kabisa. Maneno hayo niliyasikia, lakini hayakuwa na ladha. Nililoondoka nalo ni ile siri ya kitanzi, nami nikajiona fundi mzima.

Kwenye pembe ya baraza hilo hilo aliuza mchele Mama Risper. Alikuwa ametoka upande wa Ahero baada ya mafuriko kuichukua nyumba yake, yeye na binti yake Risper, na hakuwa na ndugu Kombewa. Mama yangu ndiye aliyemkatia ile pembe. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akamsogezea na stuli. Wakawa marafiki wa kuchekea jambo moja mara tatu.

Mama Risper alikuwa mtu wa kusifu. Sijapata kuona mwingine kama yeye. Alisifu viatu vya mpita njia, alisifu watoto wa wateja wake huku akiwapimia mchele kwa kopo la gorogoro, alisifu hata mvua, yeye ambaye mvua ilimfukuza kwao. Nilipomaliza kushona mfuko wangu wa kwanza aliuonyesha soko zima. Nakiri nilimpenda sana.

Mwezi Agosti Mama alipata kazi kubwa: kushonea familia moja iliyofiwa. Kwetu wanawake wa nyumba iliyofiwa hupenda kuvaa kitambaa kimoja siku ya mazishi, na maiti ikishatoka mochari hakuna mtu wa kuambiwa subiri. Magauni yalikuwa kumi na mawili, ya kitambaa kizito cha buluu, na mazishi yalikuwa Jumamosi.

Jumanne, Mama Risper alipita kando ya mashine, akaweka kiganja juu yake. "Hii mashine yako, Mama, ni mzuri ajabu," alisema. "Haijui hata kuzeeka." Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri vipimo walimsikia.

Mchana huo Mama alikwenda kuwapima wafiwa waliobaki, akaniacha nikiunga kola. Mashine ikaruka mshono mmoja, halafu wa pili. Leo najua kwamba kitambaa kizito kilikuwa kimeipinda sindano, na sindano nzima zilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Lakini mimi nilitaka Mama arudi akute nimetengeneza taimingi. Nilichukua bisibisi nikailegeza ile skurubu.

Chuma kiliteleza chote. Nikakipandisha kwa kubahatisha, nikakaza, nikazungusha gurudumu, na sindano ikagonga chuma ikakatika. Nikatia nyingine, nikajaribu tena juu, tena chini. Mikono ilikuwa imelowa jasho, skurubu nikaichuna kichwa. Mwisho niliifunika mashine kwa kitambaa chake, nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Asubuhi Mama alikanyaga, na gauni halikushika hata inchi moja. Alijaribu mpaka midomo yake ikakauka. Wale wanawake wawili walikuwepo tena, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wengine wana sihoho, yaani jicho ambalo likitua juu ya kitu, kitu kinaharibika. Kwa kawaida jicho hilo hushtakiwa kwa chakula, tumbo la mtoto likimuuma. Lakini soko letu halikuwa na subira ya kuuliza kama linafanya kazi kwenye chuma pia.

Mama alikuwa mtu wa kanisa, na maneno hayo hakuyapenda. Aliwanyamazisha. Kisha akanigeukia. "Jana nani aligusa hii mashine?"

Nikasema, "Mama Risper aliweka mkono."

Sikusema uongo, mnaona. Kila neno lilikuwa kweli. Nimekutana na waongo wengi tangu siku hiyo, na sijaona aliyetumia ukweli vibaya kuliko mimi.

Alhamisi Mzee Oloo alifika. Aliondoa kibati, akainama, akaiona skurubu iliyochunwa. Halafu aliinua uso akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alikaa hivyo akingoja, bisibisi mkononi, na mimi nilijua vizuri anangoja nini. Nikaanza kuokota vipande vya nyuzi sakafuni, kimoja kimoja.

"Imelegea tu, Mama," alisema hatimaye. "Hizi mashine zinazeeka."

Alitaka kunifichia aibu, Mungu amrehemu. Lakini skurubu ambayo haijalegezwa na mtu, na inalegea siku ile ile iliyosifiwa, soko lilijua imelegezwa na nini. Magauni yaliisha Ijumaa jioni, familia ikamzika mtu wao kwa heshima, na Mama Risper akaanza kukaa peke yake. Wanawake waliwafunika watoto nyuso wakipita karibu na mchele wake. Mama yangu hakumfukuza. Alimsalimu tu kama anavyosalimiwa mtu wa mbali, na ile stuli akairudisha ndani. Kabla ya Krismasi, Mama Risper na binti yake walihamia Bondo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa miaka ishirini na tatu. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaolewa, na kila nilipomkumbuka nilijiambia kwamba yule mama alishapata soko zuri zaidi, kwamba watu husahau. Nilikuwa hodari wa kujisamehe.

Mwaka juzi nilikwenda Bondo kumtembelea wifi yangu, nikiwa na mtoto wangu wa pili, wa miezi mitatu. Nilimkuta Mama Risper sokoni, nyuma ya beseni la mchele, nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla mimi sijamtambua. Alifurahi, akafunga biashara yake mchana ule, akanipeleka nyumbani kwake kunipikia chai. Aliuliza habari za Mama. Aliuliza habari za kila mtu. Lakini yeye hakumwangalia mtoto.

Nilidhani hajamwona. Nikamfunua shali, nikamsogeza mbele yake ampokee, kama inavyofanywa kwa bibi yeyote. Akageuza uso ukutani.

"Mshike tu mwenyewe, nyathina," alisema, yaani mwanangu. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Mimi siangaliagi watoto wa watu. Hata wa Risper sikuwaangalia mpaka wakatembea. Nina jicho. Kwani wewe umesahau ile mashine?"

Chai ilikuwa mkononi mwangu, nikashindwa kuiweka chini. Nilimwambia yote: bisibisi, sindano iliyokatika, maji niliyochota, Mzee Oloo. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikilia. Nilipomaliza nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji.

 Kisha akauliza, "Kwa hivyo haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe, Mama."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akainuka, akashika fremu ya mlango, akaita kuelekea jikoni, "Risper! Kuja hapa. Kuja usikie vile huyu anasema." Risper alikuja akifuta mikono, mwanamke mzima sasa, mama wa watoto watatu, na nikalazimika kuanza upya mbele yake, kutoka kwenye kola.  Alinitazama, halafu akamtazama mama yake, na ni macho yale ya Risper ninayoyaona mpaka leo.

Miaka yote hiyo nilidhani nilimnyang'anya Mama Risper pembe ya baraza na rafiki mmoja, na hata kwa hayo niliona aibu. Sikujua kwamba mtoto akimtupia mtu mzima lawama, mtu huyo anaweza kuiokota, akaiamini, akaenda nayo mji mwingine na kulea nayo. Wajukuu watatu walikua katika nyumba ile bila bibi yao kuwaambia kwamba ni wazuri.