Jina Chini ya Picha ya Kifua

Ntumba Brigitte ni muuguzi. Kwa miaka kumi na moja amefanya kazi katika zahanati ndogo ya Dilala, mtaa wa Kolwezi, ndani ya nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Daktari hupita Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine Brigitte yuko peke yake na simu yake.

Kwenye simu hiyo kuna kundi la WhatsApp la wauguzi wa Kolwezi. Walilianzisha wakati wa korona wakiwa ishirini. Sasa ni mia moja na arobaini. Mtu huuliza dozi ya mtoto wa kilo tisa, akajibiwa kabla chupa haijafunguliwa. Kundi hilo limeokoa watu, na Brigitte hakani hilo hata leo.

Mwezi wa tano alikuja Kalumba, dereva wa lori la mawe wa kampuni moja ndogo inayofanya kazi mgodini. Alikuwa akikohoa kwa miezi minne. Kampuni ina dispensari yake, lakini aliikwepa.

"Mama Brigitte, bale ba kule ku kazi basijue," alisema. "Contrat yangu ya kazi inaisha mu mwezi wa saba."

"Hapa ni weye na mi tu, tata."

Makohozi yalipimwa mara mbili, kifua kikuu hakikuonekana. Brigitte akamtuma kupigwa picha ya kifua, ikarudi Jumatano ikiwa na madoa meupe kila upande. Daktari hakushika simu. Kalumba alikuwa kwenye benchi, akihema kama aliyepanda kilima. Brigitte akaishikilia dirishani, akaipiga picha kwa simu, akaituma kundini: "Dereva wa mgodi, miaka 41. Munaona nini?"

Walimjibu ndani ya dakika sita: vumbi la mawe limekaa mapafuni. Alipoikuza picha ayaangalie tena madoa, akaona pale chini maandishi madogo, jina lote la Kalumba.

Akaifuta palepale. Lakini watu themanini na watatu walikwisha kuifungua, na wengi wao aliwajua kwa namba tu.

Mwezi wa saba Kalumba alirudi, akakaa bila kukaribishwa.

"Bananiambia contrat haitaendelea. Halafu chef wa kazi akaniuliza kifua kinaendelea namna gani. Mama, mi sikuambia mutu."

Brigitte angeweza kunyamaza. Alimweleza yote: picha, jina, kundi.

"Batu ngapi mule?"

"Cent quarante, tata. Mia na arobaini."

"Unaweza kuitosha mule, kuifuta?"

"Niliitosha siku ile ile, tata. Lakini banaisha kuiona."

Kalumba aliinamisha kichwa. Hakumtukana, na Brigitte alitamani amtukane.

Brigitte alikwenda kwenye dispensari ya kampuni. Muuguzi wa pale, mmoja wa wanakundi, alimpa kiti, akamwambia kwa upole kwamba hajui lolote. Kisha Brigitte alimwendea mkubwa wake mwenyewe wa kazi, akaambiwa aandike ripoti. Aliandika kurasa mbili, zikapokelewa, na hakuna aliyemwita. Kundini aliomba watu wafunike majina ya wagonjwa. Walimwekea alama za vidole gumba, kukubali. Saa moja baadaye mtu akatuma kadi ya mjamzito, jina na mtaa vikisomeka.

Kalumba alihamia Mutshatsha, kwa ndugu za mke wake. Huko anachoma mkaa. Brigitte aliposikia, alimpigia simu.

"Tata, moshi ni mubaya kwa ile kifua. Usikae karibu."

"Nifanye kazi gani, mama?"

Brigitte alisikia kikohozi kile kile, sasa kirefu zaidi, na nyuma yake watu wakipakia magunia. Alimwambia afunge kitambaa puani. Kalumba akasema sawa, akamtuma awasalimie watu wa Dilala, akarudi kazini.