Nusu ya Punje ya Kahawa

Mwalimu mpya wa fasihi hapa Muleba haandiki ubaoni. Mimi tamthilia hiyohiyo anayoifundisha, ya mtawala anayeuawa na rafiki yake, niliifundisha miaka kumi na moja, nikiwasomea wanakili mpaka koo likakauka, na hakuna aliyenipigia makofi. Yeye hupasua punje ya kahawa kwa ukucha wa kidole gumba, nusu kwa anayemtetea mtawala aliyeuawa, nusu kwa anayemtetea rafiki aliyemchoma kisu. "Mmekula omukago, sasa ni ndugu," huwaambia taratibu, kwa jina la kiapo cha kale cha udugu cha huku kwetu. "Haya, bishaneni." Kisha huwabadilisha pande, na darasa zima husimama. Nachungulia dirishani, naumia.

Jana ofisini alipasua punje, akanipa nusu. "Mwalimu, wewe uko upande gani?" Nikaitafuna. Barua yangu ya kumlalamikia ilishafika mezani kwa mkuu wa shule.