Fimbo ya Aliyepata Jibu

Katika sekondari moja upande wa Lalago, mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili alikuwa na sheria yake: anayepata jibu anawachapa waliokosa. Kazi yangu ni kuwatembelea walimu wa hisabati na sayansi, nikae nyuma ya darasa, kisha tuzungumze namna kila mtoto atakavyopata nafasi. Safari ya kwanza niliona fimbo mikononi mwa wavulana tu, na viganja vilivyovimba vilikuwa vya wasichana. Nilimshauri awaulize wasichana nao, awape muda wa kufikiri.

Niliporudi shuleni hapo kutoka Bariadi, mwalimu alinipokea akicheka. "Leo utafurahi, madamu. Usawa umefika."

Kweli, swali la kwanza alimpa msichana aliyekaa mbele yangu, akalipata. Mwalimu akamkabidhi fimbo. Wa kwanza kuchapwa alikuwa rafiki yake, jirani yake wa dawati. Akamgusa tu.

"Hiyo hata ndama hasikii!" mvulana mmoja akapaza sauti. Darasa likacheka.

"Chapa," mwalimu akasema, "au nikuchape wewe."

Akachapa. Fimbo ilitua kwenye vifundo vya vidole, ngozi ikapasuka, damu ikadondokea dawati.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Nilimsikia yule msichana wa mbele yangu akimnong'oneza rafiki yake kwa Kisukuma, hatua kwa hatua, mpaka jibu. Lakini mwalimu alipomwita yeye ajibu, alisimama akasema, "Sijui." Mvulana aliyepata akamchapa kiganjani mpaka fimbo ikavunjika. Hakulia.

Mwalimu akanijia kule nyuma. "Umeona? Unawapa nafasi, wanarudi nyuma."

"Jibu analo," nikamwambia taratibu. "Nimemsikia akilieleza, na ameeleza vizuri. Anachokataa ni fimbo. Akipata, anampiga rafiki yake. Akikosa, anapigwa yeye. Amechagua. Ukiendelea hivi, hata kunong'ona ataacha."

Alimtazama yule msichana, aliyekuwa amebana mikono kwapani. "Njoo ubaoni utueleze."

Hakuinuka. Rafiki yake, vidole vimefungwa leso, ndiye aliyesema: "Akieleza vizuri, mwalimu, anapigwa nani?"

Mwalimu akamgeukia.

"Leo hapigwi mtu."

"Na kesho?" yule aliyeitwa ubaoni akauliza, bado amekaa.

Mwalimu akanitazama. Sikumsaidia.

"Na kesho pia."

Msichana akaenda ubaoni. Chaki aliichukua kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukukunjika.